Uchachu wa mtindi hauui kila kidudu
Dar es Salaam wengi tumekua tukiambiwa mtindi ni salama hata kama maziwa hayakuchemshwa, eti uchachu unaua vijidudu. Si kweli. Uchachu huwadhoofisha bakteria wengi, lakini wale wa brusela, ugonjwa unaowatupisha ng'ombe mimba na kumpa binadamu homa ya kwenda na kurudi, huweza kuishi siku kadhaa ndani ya maziwa yaliyoganda. Ulimi hauwatambui.

Dawa yao ni moto. Kiwandani, nyuzijoto 72 kwa sekunde 15 zinatosha. Nyumbani chemsha maziwa kabla ya kuyagandisha, mpaka yapande sufuriani, yakoroge, yapande tena. Yakipoa ndipo utie kijiko cha mtindi uliotokana na maziwa yaliyochemshwa. Na ndoo ya maziwa jamani, isuguliwe, hasa ule utando mweupe kwenye ukingo wa mfuniko.