Je, wajua kwa nini mtu mwenye karama nyingi anaweza kuwa bado mchanga kiroho?

Kanisa la Korintho halikupungukiwa na karama hata moja. Paulo mwenyewe anakiri hivyo (1 Wakorintho 1:7). Lakini kufika sura ya 3 anawaita watoto wachanga katika Kristo. Inakuwaje?

Paulo alifika Korintho yapata mwaka 50, akafundisha mwaka mmoja na miezi sita (Matendo 18:11). Waraka aliuandika akiwa Efeso, kama mwaka 54 au 55. Waumini wengi basi walikuwa na miaka mitatu, minne hivi ya wokovu. Kunywa maziwa mwanzoni si kosa. Kila mtoto huanza na maziwa. Shida ni kwamba wakati wa kuachishwa maziwa ulipita, chakula bado hawakiwezi. Na ushahidi wa Paulo si uchache wa mikesha. Ni husuda na fitina: huyu wa Paulo, yule wa mhubiri Apolo, ndugu wanashtakiana mahakamani, kwenye chakula cha Bwana huyu ana njaa, yule amelewa.

Karama hutolewa, tunda hukua. Unabii mtu anaweza kuupokea jioni moja, ila uvumilivu hauji kwa kuwekewa mikono. Tena Wagalatia 5:22-23 inasema “tunda”, kwa umoja, kisha inataja sifa tisa. Huchukui furaha ukaacha kiasi.

Kukua basi kunatokeaje? Waebrania 5:14 inasema akili za watu wazima zimezoezwa kwa kutumiwa. Kitenzi hicho cha Kigiriki ni cha mazoezi ya wanariadha. Ndiko lilikotoka hata neno “jimu”. Kusikia mahubiri matano kwa wiki bila kutenda ni sawa na kutazama mechi ukitarajia misuli.

Anza na kitabu kifupi. Waraka wa Yakobo una mistari 108. Ukisoma 8 kwa siku, wiki mbili umemaliza. Kila siku tafuta agizo moja na mtu mmoja wa kumtendea. Ukifika 1:19, “mwepesi wa kusikia, si mwepesi wa kusema”, mchague yule mnayegombana naye zaidi. Usiku jiulize: nimefanya? Kama sikufanya, nilikwama wapi?

Wengi hukwama kwa kufanya haya peke yao, maana hasira yako wanaoiona ni wengine. Ndiyo sababu uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulisisitiza kutembea nuruni: kuungama mbele ya ndugu, na kuungama tendo lenyewe. “Nimekosa kwa mawazo” haimgharimu mtu kitu. “Nilichukua fedha za kikundi, nazirudisha Ijumaa” inagharimu. Wengine huhama kanisa kila wanapoonywa, na mche unaong'olewa kila msimu haushiki mizizi.

Kosa la makanisa yenyewe ni kumpa mimbari kijana kwa sababu anasema vizuri. 1 Timotheo 3:6 inakataza aliyeongoka karibuni kuwa askofu, na neno la Kigiriki hapo maana yake ni “aliyepandwa karibuni”. Katika sifa za askofu sura hiyo, inayohusu kipawa ni moja tu: ajuaye kufundisha. Zilizobaki, kama kutokuwa mgomvi, kutopenda fedha na kusimamia nyumba yake vema, zinajulikana kwa kuwauliza mkewe, watoto na majirani.