Basi likikatwa stesheni, saa zake zinakwenda wapi?

Jiji likifungua treni nyepesi, siku ya uzinduzi kila mtu anapiga picha treni. Kazi yangu iko kwenye mabasi ambayo yalikuwa yakipita hapo kabla treni haijaja. Yaendelee kama zamani? Yafutwe? Yaishie stesheni na kumwaga abiria wake hapo? Ninapanga njia na ratiba za mabasi eneo la Seattle, Marekani, na swali ninaloulizwa na jamaa zangu wa Dar kwa simu ndilo hilohilo wanaloniuliza wazee kwenye mikutano ya hadhara huku: kwa nini unishushe njiani, wakati gari lilikuwa linanifikisha mjini moja kwa moja?

Ni swali la haki, na jibu lake ni hesabu.

Chukua njia moja inayotoka mtaani mpaka katikati ya jiji. Kwenda dakika 40, kurudi 40, na dakika 10 kila mwisho wa njia ili dereva anyooshe miguu, aende msalani, na kufidia ucheleweshaji. Mzunguko mzima ni dakika 100. Ukitaka gari lipite kituoni kila baada ya dakika 20, gawa 100 kwa 20: unahitaji mabasi 5. Sasa likatie basi hilo kwenye stesheni ya treni iliyoko katikati ya safari. Kwenda na kurudi ni dakika 40, mapumziko 5 kila mwisho kwa kuwa safari imefupika, jumla 50. Mabasi ni yaleyale matano, madereva walewale, mafuta hayajaongezeka, ila sasa gari linapita kila dakika 10.

Tumtazame abiria. Zamani alingoja kituoni dakika 10 kwa wastani, akakaa ndani ya basi 40: jumla 50. Sasa anangoja 5, anapanda 20, anatembea 5 kutoka basini mpaka jukwaa la treni, anangoja treni 4, anapanda 8. Jumla 42. Amepata nafuu, na siku ya foleni kubwa nafuu hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu treni haijui kama kuna ajali barabara kuu.

Lakini angalia kinachotokea mamlaka ikikata njia halafu isirudishe zile saa za basi na dereva zilizookolewa kwa kuifupisha. Basi linabaki la kila dakika 20. Na tuseme stesheni imejengwa vibaya, kutembea ni dakika 8. Abiria anangoja 10, anapanda 20, anatembea 8, anangoja 4, anapanda 8. Hamsini. Palepale alipokuwa, isipokuwa sasa ameshuka na kupanda, amelowa mvua, na amepoteza kiti chake cha dirishani. Huyo akija mkutanoni kupiga kelele, mimi sina la kumjibu.

Kwa hiyo mtu akinionyesha ramani mpya ya mabasi, siangalii kwanza mistari. Nauliza saa zilizookolewa ziko wapi.

Seattle ilipata nafasi ya kulijibu swali hilo vizuri mwaka 2016. Tarehe 19 Machi treni ilifunguliwa kutoka katikati ya jiji mpaka Chuo Kikuu cha Washington, kilomita 5 za handaki, miezi 6 kabla ya muda uliopangwa. Wiki moja baadaye, tarehe 26, King County Metro, shirika la mabasi la huku, ikabadilisha mabasi ya upande wote wa kaskazini-mashariki. Kabla ya hapo, njia za 71, 72 na 73 zilikuwa zinapakia mtaa wa chuo na kupanda barabara kuu ya I-5 kuingia mjini. Barabara ile ina njia za haraka zinazogeuzwa mwelekeo: asubuhi zinaingia mjini, jioni zinatoka. Ukisafiri kinyume na mkondo, basi lako linakaa kwenye foleni na magari mengine yote. Treni inatumia kama dakika 8, asubuhi na jioni, pande zote mbili.

Namba 72 ikafutwa. Namba 71 na 73 zikakatwa, zisifike tena mjini. Namba 43, iliyokuwa ikipita Capitol Hill ambako sasa kuna stesheni, ikabakizwa saa za msongamano tu. Na saa zikarudi mitaani: namba 65 na 67 zikaongezewa magari, na njia mpya ya 62 ikaanzishwa kuunganisha mitaa ambayo zamani ilikulazimu uingie mjini ndipo utoke tena. Ile namba 48, ndefu mpaka ikajulikana kwa kuchelewa, ikakatwa vipande viwili, kipande cha kaskazini kikaitwa 45. Kukata njia ndefu ni dawa hata pasipo na treni, maana kila foleni ya mwanzo wa njia inasafiri na basi mpaka mwisho.

Ilisaidia pia kwamba wapiga kura wa Seattle walikuwa wamekubali, Novemba 2014, kujiongezea ada ya magari na kodi ya mauzo ili kununua saa zaidi za mabasi. Fedha hizo zilianza kuonekana barabarani mwaka 2015. Kubadilisha mtandao wakati mfuko una kitu ni kazi tofauti kabisa na kuubadilisha wakati unabana matumizi, na wanaolinganisha miji huku wakisahau jambo hilo hunichosha.

Sasa tuje kwenye zile dakika 5 za kutembea, maana ndizo zinazoua mipango mizuri.

Stesheni ya Chuo Kikuu iko kwenye uwanja wa michezo wa Husky, pembeni mwa chuo, mkabala na hospitali. Mabasi mengi hayafiki mlangoni. Abiria wa 65 alishuka ndani ya chuo, kwenye barabara ya Stevens Way, akateremka bustanini, akavuka daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara ya Montlake, ndipo akaanza kushuka ardhini, karibu mita 30. Kijana wa chuo hilo halimsumbui. Mama mwenye goti linalouma anahesabu kila hatua. Machi 2018 eskaleta (ngazi za umeme) za stesheni hiyo ziliharibika, watu wakafungana foleni ya lifti huku ngazi za dharura zipo lakini zimefungwa kwa umma. Baadaye ngazi zilifunguliwa. Mpanga ratiba wa mabasi hana mamlaka juu ya eskaleta, ila eskaleta ikifa, ratiba yake imekufa nayo.

Mount Baker, kusini mwa jiji, ni mfano mwingine ninaowapeleka wageni kuuona. Treni iko juu, upande mmoja wa Rainier Avenue. Kituo kikuu cha mabasi kiko upande wa pili wa barabara hiyo pana, yenye magari yanayokimbia. Simama hapo saa 11 jioni uone. Treni inafika, watu wanateremka mbio, taa ya wavukaji ni nyekundu, na basi lao wanaliona kwa macho likifunga milango ng'ambo ya barabara. Kwenye karatasi muunganiko huo ni mita chache. Dereva naye ana ratiba yake na hawezi kungoja kila treni, maana walio mbele kwenye vituo vingine nao wanamngoja. Kituo cha basi na mlango wa stesheni vilipaswa kuchorwa na mkono mmoja, na mara nyingi vinachorwa na ofisi mbili: Sound Transit inajenga reli, Metro inaendesha mabasi mengi.

Suala la nauli angalau walilipatia ufumbuzi mapema. Kadi ya nauli ya ORCA ilianza mwaka 2009, na ukigusa kwenye basi, malipo hayo yanahesabika kwa saa 2. Ukipanda treni ndani ya muda huo hulipi upya, unaongeza tofauti tu kama ipo. Linganisha na mtu wa Mbezi anayeshuka kwenye daladala Kimara ili aingie mwendokasi. Sisi Dar kuunganisha gari tumezoea, hatuhitaji kufundishwa, lakini konda amechukua yake na getini unalipa tena. Unaweza kuchora ramani nzuri kiasi gani, nauli mbili zitamfanya mtu atafute gari la moja kwa moja hata kama linazunguka.

Kuna mahali ambapo hesabu yangu ya mwanzo haitoshi, nako ni bonde la Rainier. Treni ya kwanza ya mwaka 2009 ilipita hapo juu ya ardhi, katikati ya barabara ya Martin Luther King Jr. Basi namba 42 lilikuwa linapita barabara hiyohiyo kwenda mjini. Kwa mpanga ratiba hilo ni basi linalofukuzana na treni, na lilipunguzwa kidogokidogo mpaka likafutwa mwaka 2013. Wazee hawakukubali. Hili ni eneo la Wavietnamu, Wafilipino, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Ukitembea mtaa wa Othello, Kiswahili unakisikia, mara nyingi kutoka kwa Wasomali waliopitia Kenya. Hoja yao ilikuwa rahisi. Stesheni za treni pale zimeachana kilomita 2 hivi, mahali pengine zaidi. Vituo vya basi vimeachana mita mia chache. Anayekwenda kuchukua chakula cha msaada, kliniki, au sokoni mtaa wa Chinatown, na mifuko miwili mkononi, haokoi chochote kwa treni inayopita mbele ya mlango wake bila kusimama.

Septemba 2016 Metro ikaigeuza namba 106, ikapita barabara ile mpaka mtaa wa Chinatown. Kwa mtazamo wa kitabu ni kurudi nyuma. Kwa mtazamo wangu ni uamuzi sahihi, na ningeutetea leo: basi na treni vikipita barabara moja havifanyi lazima kazi moja. Treni inashindana na I-5. Basi lile linashindana na miguu.

Kinyume chake ni namba 41. Ilikuwa inatoka Northgate, kaskazini mwa jiji, moja kwa moja hadi mjini, imejaa kila siku, na watu wakiipenda. Mpaka Machi 2019 ilipita ndani ya handaki la katikati ya jiji, mabasi na treni vikitumia njia moja. Mabasi yalipotolewa humo yakaenda kusota kwenye taa za barabarani. Tarehe 2 Oktoba 2021 treni ikafika Northgate, dakika 14 hadi mjini, na 41 ikafutwa siku hiyohiyo. Hapo sikuona sababu ya huruma: ilikuwa na vituo vichache katikati, karibu kila mtu alikuwa anakwenda kule treni inakokwenda. Mgogoro ulikuwa mtaa wa Lake City, ng'ambo ya Northgate, ambako 41 ilianzia. Wao walikuwa na safari moja, sasa wana mbili, na thamani ya mabadiliko kwao inategemea kabisa basi la kuwafikisha stesheni linapita kila baada ya dakika ngapi. Septemba 2023, kwa uhaba wa madereva na mafundi, Metro ilisimamisha njia kadhaa. Saa za basi zinaweza kuahidiwa kwenye karatasi, lakini zinaendeshwa na watu, na watu hawakupatikana.

Bado kuna suala la siku treni yenyewe inapougua. Januari 2024 reli ya handakini katikati ya jiji ilifanyiwa matengenezo, treni zikapita kwa njia moja, na kwa wiki tatu muda kati ya treni na treni ukafika dakika 26. Weka 26 kwenye hesabu yangu ya mwanzo uone. Kila basi la kaskazini lililokuwa limekatwa miaka ile likawa linamwaga watu kwenye jukwaa lililojaa. Mitaa ya chuo ilikuwa na bahati ya namba 49 na 70, ambazo mwaka 2016 wengine walitaka zikatwe nazo kwa sababu zinaelekea mjini sambamba na treni. Zilibaki kwa sababu mtaa wa Eastlake, inakopita 70, hauna stesheni hata moja, na barabara ya Broadway, inakopita 49, ina vituo vingi ambavyo treni inaviruka. Wiki zile tatu, waliozijua walizipanda.