Hifadhi ya bahari si bahari iliyofungwa

Huko Mtwara, hasa upande wa Msimbati, bado utasikia kwamba tangu hifadhi ya bahari ianzishwe mwaka 2000, kuvua ni marufuku na bahari wamekabidhiwa watalii. Sivyo. Sheria ya mwaka 1994 inatofautisha maeneo tengefu, ambako uvuvi hauruhusiwi, na hifadhi za bahari, ambazo zina watu ndani. Hifadhi ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye takriban kilomita za mraba 650, ni ya aina hii ya pili: wanavijiji wanaishi na kuvua humo kwa kufuata kanda na kanuni. Kilichokatazwa ni baruti, sumu na nyavu haribifu kama kokoro. Baruti haiui samaki tu. Huvunja matumbawe, ambayo ni viumbe hai vinavyokua taratibu mno. (Mgeni anayeyakanyaga maji yakipwa ili apige picha naye huyavunja, hata kama amelipa kiingilio.)

Kwa maoni yangu, kiingilio peke yake hakitoshi. Mgeni akikodi dau la nahodha wa kijijini, akalala kwa wenyeji na kununua pweza kwa wanaomchokoa, wakiwamo akina mama wengi, mwamba wa matumbawe usioharibiwa unakuwa na faida inayoonekana nyumbani. Pweza hukua upesi. Ndiyo maana jamii kadhaa za mwambao wa Afrika Mashariki hufunga miamba yao kwa miezi michache, kwa uamuzi wao wenyewe, kisha huifungua pweza wakiwa wakubwa.