Kutu ya Nondo Haitibiwi kwa Lipu

Zege likianza kumeguka kwenye nguzo au chini ya slabu, wengi humwita fundi apige lipu, apake rangi, mambo yaishe. Haipiti miaka mingi ufa uleule unarudi, tena mpana zaidi, kwa sababu ugonjwa haukuwa juu. Ulikuwa kwenye nondo.

Zege jipya lina pH (kipimo cha ukali wa asidi au alkali) ya takriban 12.5 hadi 13, yaani alkali kali, na hali hiyo huivika nondo utando mwembamba unaoikinga na kutu. Hewa ukaa hupenya taratibu, pH ikashuka chini ya 9, utando ukavunjika. Chumvi haina hata subira hiyo: ikifika kwenye nondo huutoboa utando zege likiwa bado zima. Kutu hujaa nafasi kubwa kuliko chuma iliyokitafuna, hivyo hulisukuma zege kutoka ndani mpaka lipasuke.

Kwa hiyo pima kwanza. Dawa iitwayo fenolftaleini ikinyunyiziwa kwenye zege lililovunjwa papo hapo hugeuka waridi palipo salama; pasipobadilika rangi, hewa ukaa imeshafika. Chumvi hupimwa maabara. Kisha sehemu hiyo itegemezwe kwa nguzo za muda, zege bovu livunjwe hadi nyuma ya nondo, sentimita 2 hivi, na kutu isuguliwe yote. Nondo iliyokonda ni kazi ya mhandisi, si ya kukisia kwa macho. Na kama chumvi imebaki kwenye zege la jirani, kiraka kipya kinaweza kuchochea kutu pembeni yake. Hapo ndipo viraka vingi huaibika.

Je, kifusi kinachobomolewa kinaweza kurudi kwenye zege? Ndiyo, ila si ndani ya kiraka hicho. Kikisagwa, kikachekechwa na kuondolewa mbao, chuma na jasi, hutoa kokoto nzuri kwa tabaka la chini ya sakafu, matofali, hata zege la kubeba mzigo ikichanganywa na kokoto mpya na kupimwa. Kasoro yake ni saruji ya zamani iliyoganda juu yake, inayokunywa maji. Iloweke kabla ya kuchanganya, la sivyo zege litakauka mapema na fundi ataongeza maji kwa mpira, nguvu ipotee. Kifusi chenye chumvi kisiguse nondo kabisa.

Kwa upande wa saruji, ambayo utengenezaji wake huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa itokanayo na shughuli za binadamu, mavi ya chuma (taka za tanuru la kuyeyushia chuma) yaliyosagwa yanaweza kuchukua nusu ya nafasi yake. Zege hilo huizuia chumvi vizuri zaidi. Lakini hukomaa polepole: limwagiliwe maji siku nyingi kuliko ulivyozoea, na mbao za fomu zinazolishikilia zisiharakishwe kuondolewa.