Marathoni chini ya saa 4: dhana potofu kuhusu kujikaza

Mkimbiaji wa kawaida anayejiandikisha katika Kilimanjaro Marathon mjini Moshi, akiwa na lengo la kumaliza kilomita 42.195 kabla saa 4 hazijatimia, anapaswa kukimbia kila kilomita kwa takriban dakika 5 na sekunde 41. Hesabu hiyo ni nyepesi. Kigumu ni njia yenyewe, ambayo katika nusu ya kwanza haina mlima wa kutisha, kisha hupanda kuelekea Mweka wakati jua limekwisha kukolea. Hapo watazamaji hupaza sauti, "Kaza! Kaza!", na hapo ndipo mkimbiaji hugundua kwamba mengi aliyoyaamini kuhusu kujikaza hayakuwa sahihi.

Dhana: Ukienda mbio mwanzoni, unajiwekea akiba ya dakika

Kwa maoni yangu, hakuna dhana iliyoharibu malengo mengi kuliko hii, kwa sababu hadi kilomita ya 20 huonekana kuwa kweli tupu. Mwili hukimbia kwa kutumia mafuta pamoja na glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa katika misuli na ini. Kadiri kasi inavyopanda, ndivyo sehemu inayochotwa kwenye glaikojeni inavyoongezeka, na kwa watu wengi wasiokula chochote njiani hazina hiyo hukaribia kwisha mnamo kilomita ya 30. Aliyeokoa sekunde 10 katika kila kilomita kwa kilomita 20 amepata dakika 3 na sekunde 20. Miguu ikigoma, na kila moja ya kilomita 10 za mwisho ikamgharimu dakika moja zaidi, amepoteza dakika 10.

Marehemu Kelvin Kiptum, alipoweka rekodi ya dunia ya saa 2:00:35 huko Chicago mwaka 2023, alikimbia nusu ya kwanza kwa dakika 60:48 na ya pili kwa dakika 59:47. Ni kweli kwamba Eliud Kipchoge, mwaka mmoja kabla yake huko Berlin, alianza kwa dakika 59:51, akamaliza nusu ya pili kwa dakika 61:18, na bado akavunja rekodi. Lakini hata yeye alilipa, na si kila mtu ana mwili wa Kipchoge wa kulipia. Kwa Moshi kuna jambo la ziada: mlimani haifai kung'ang'ania dakika 5 na sekunde 41. Kinachopaswa kubaki sawa ni juhudi, ambayo hupimwa kwa pumzi, na mteremko wa kurudi mjini utarudisha sehemu ya muda uliopotea.

Dhana: Saa ya mkononi haikosei

Njia hupimwa kwa kufuata mstari mfupi kabisa unaowezekana, ilhali mkimbiaji hupanua kona, hukwepa wenzake na huvuka barabara kufuata maji, na setilaiti ambazo saa hutumia kupima umbali nazo huongeza makosa yao. Si ajabu saa ikaonyesha kilomita 42.6 kwenye utepe. Kwa umbali huo, dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita ni saa 4 na dakika 2, kwa hiyo anayeitegemea saa yake afadhali alenge dakika 5 na sekunde 38.

Dhana: Kunywa maji mengi iwezekanavyo

Maji yakizidi, chumvi ya sodiamu katika damu hushuka, na hali hiyo inaweza kuua. Katika utafiti uliofanywa kwenye Boston Marathon ya mwaka 2002, asilimia 13 ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu walikuwa na upungufu huo. Kwa wengi, kunywa kwa kufuata kiu kunatosha.

Dhana: Anayelegeza lengo katikati ya njia amekata tamaa

Wanaoshikilia dhana hii hupenda kumtaja Mtanzania John Stephen Akhwari, aliyeumia goti katika marathoni katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 na bado akamaliza, wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Wanasahau kwamba Akhwari hakuwa akifukuza muda tena. Alikuwa amebadilisha lengo likawa kufika tu. Sipendi mfano wake utumiwe kumshinikiza mtu mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuchanganyikiwa, kwa kuwa hizo ni dalili za kusimama na kuita mhudumu wa afya, tofauti kabisa na uchovu wa kawaida wa mapaja.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Mtanzania mwingine, Alphonce Simbu. Mwaka 2024 huko Valencia alikimbia kwa saa 2:04:38. Septemba 2025, katika mashindano ya dunia mjini Tokyo, kwenye joto na unyevunyevu na bila watu wa kuongoza kasi, alitumia saa 2:09:48, yaani zaidi ya dakika 5 nyuma ya muda wake bora. Muda aliuachia hali ya hewa. Kujikaza alikuweka hadi ndani ya uwanja, ambako alimfikia Mjerumani Amanal Petros hatua chache kabla ya mstari, akamshinda kwa sekunde 0.03 na kuipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo.