Programu ikinyamaza usishangilie: dhana potofu kuhusu kulinganisha takwimu

Ukifanya kazi ya takwimu Tabora, siku moja utaletewa swali la nyuki: je, wafugaji waliofundishwa kutumia mizinga ya kisasa wanarina asali nyingi kuliko wenzao waliobaki na ya magome? Huwezi kuwalinganisha hivi hivi, maana aliyehudhuria mafunzo mara nyingi ndiye aliyekuwa na mizinga mingi na baiskeli nzima tangu mwanzo. Ndiyo sababu tunatumia programu kama MatchIt ya R au psmatch2 ya Stata (R na Stata ni programu kubwa za takwimu, hizi ni nyongeza zake), ambazo humtafutia kila aliyefunzwa mwenzake asiyefunzwa anayefanana naye. Visa huanzia hapo.

Dhana: Ukiona maandishi mekundu, programu imeharibika. Ifute uipakie upya.

RStudio, dirisha ambamo wengi wetu huandika amri za R, mara nyingi hutoa ujumbe wa kila aina kwa wekundu: taarifa, onyo na kosa. Taarifa unaisoma na kupita. Onyo maana yake kazi imefanyika ila kuna jambo la kukagua. Kosa maana yake kazi imesimama. Programu ikisema haiijui matchit, kwa kawaida hujaiita kwa library(MatchIt) tangu ulipofungua R asubuhi. Kupakua upya kwa intaneti yetu hii ni kuchoma bando bure.

Dhana: Programu haitaki mapengo, basi jaza namba yoyote iendelee.

Kweli, MatchIt hukataa sifa za kulinganishia, kama miaka ya shule, zenye majibu yaliyokosekana. Lakini ukiweka 0 au 99 ili ipite, itapita kimya kimya, na utakuwa na mfugaji wa Urambo aliyekaa darasani miaka 99. Mtu huyo mmoja anaweza kuvuruga alama za wote, yaani uwezekano wa kila mmoja kupata mafunzo unaokadiriwa na programu ili kupanga jozi. Kufuta mistari yote yenye mapengo nako kuna hasara yake, kwa sababu wasiojibu si lazima wafanane na waliojibu. Kwanza hesabu mapengo kwa kila safu, uone yametoka kijiji gani na kwa mdodosaji gani. Pengine ni swali moja lililorukwa, na simu moja inalimaliza.

Dhana: Wilaya zimeandikwa sawa, naziona kwa macho yangu.

Hili liliwahi kunila nusu siku. Niliagiza jozi zote zitoke wilaya moja, na wafugaji kadhaa wa Sikonge wakakosa wenzao, ilhali Sikonge ilikuwa na watu tele. Nilipotoa jedwali la majina, Sikonge ilijitokeza mara tatu: “Sikonge”, “SIKONGE”, na “Sikonge” nyingine yenye nafasi tupu mwishoni. Nafasi hiyo huongezwa na kibodi ya kishikwambi pale mdodosaji anapobonyeza neno lililopendekezwa badala ya kulimalizia. Kwa jicho ni wilaya moja, kwa programu ni tatu. Amri ya trimws huondoa nafasi, na toupper hufanya herufi zote kuwa kubwa. Dawa yenyewe lakini ni kwenye fomu: wilaya ichaguliwe kwenye orodha, isiandikwe.

Dhana: Programu inajua nani alifunzwa.

Haijui. R ikipewa maneno huyapanga kwa alfabeti, la kwanza likawa sifuri. Ukitumia “Hapana” na “Ndiyo” umebahatika, maana H hutangulia N. Andika “Alifunzwa” na “Hakufunzwa” uone: A inatangulia, waliofunzwa wanageuka kuwa kundi la kulinganishia, na wasiofunzwa ndio wanaotafutiwa wenza. Usitegemee kupewa onyo. Unapata jibu la swali jingine, tena jumlisha imegeuka kutoa, na unaweza kuandika ripoti kwamba mafunzo yamepunguza asali. Mtego huohuo umo kwenye madodoso yenye 1 kwa ndiyo na 2 kwa hapana. Geuza mwenyewe kuwa 1 na 0 kabla ya lolote.

Dhana: Kadiri unavyoongeza sifa za kulinganishia ndivyo bora.

Mtu huongeza “idadi ya mizinga ya kisasa baada ya mafunzo”, kisha anashangaa R ikimwonya kwamba uwezekano uliokadiriwa umekuwa 0 au 1. Si ajabu, kama waliofunzwa wote wanayo na wasiofunzwa hawana hata mmoja. Na kosa lenyewe ni kubwa kuliko onyo: kitu kilicholetwa na mafunzo hakitakiwi kuwa kigezo cha kulinganishia. Chukua hali ya mfugaji kabla hajafundishwa.

Dhana: P ikiwa kubwa baada ya kulinganisha, makundi yamefanana.

P ni namba ya kupimia kama tofauti inaweza kuwa ya bahati tu, nayo hukua pia kwa sababu watu wamepungua. Tazama tofauti sanifu ya wastani, yaani tofauti ya wastani wa makundi mawili ikigawanywa kwa mtawanyiko wa sifa yenyewe. Wengi hutaka iwe chini ya 0.1. Na tuseme una waliofunzwa 120 na wasiofunzwa 90, mmoja kwa mmoja bila kurudia: 30 watakosa wenza, na programu ikikwambia hivyo inahesabu tu.

Dhana: Mizani, yaani kufanana kwa makundi, imekaa vizuri, basi matokeo ni salama.

Niliwahi kuwa na jozi nzuri kabisa, kila sifa chini ya 0.1, hakuna hata onyo. Nikampelekea bwana nyuki mmoja karatasi aipitie. Alishusha kidole taratibu kwenye safu ya mavuno, ambayo haimo kabisa kwenye ulinganishaji, kwa hiyo jedwali la mizani haliigusi. Akasimama katikati.

“Mwanangu, huyu mwenye mizinga sitini amerina kilo tatu?”

Nilimpigia mdodosaji wa kata ile. Yeye alikuwa ameandika ndoo. Ndoo ya lita 20 ya asali ni kama kilo 28.