Mtoto asiyelia mama akitoka: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mtoto asiyelia mama akiondoka kalelewa vizuri; anayelia kadekezwa.

Ukweli: Kilio peke yake hakisemi mengi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Baltimore, Marekani, mwanasaikolojia Mary Ainsworth na wenzake walikuwa wakimweka mtoto wa mwaka mmoja hivi kwenye chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea, pamoja na mama yake na mtu asiyemjua. Mama hutoka mara mbili, akarudi mara mbili. Zoezi zima huchukua kama dakika 20.

Kinachotazamwa zaidi ni pale mama anaporudi. Mwenye mshikamano salama, yaani anayemwona mama kuwa kimbilio lake, huenda alilia sana, lakini akibebwa hutulia na kurudia michezo. Mwingine hung'ang'ania kubebwa, na papo hapo anasukuma na kurusha mateke. Wa tatu hata hageuki. Macho yako kwenye mdoli. Huyu ndiye tunayemsifu kwa upole, na inaniuma, kwa sababu mwaka 1977 Alan Sroufe na Everett Waters walionyesha kwamba moyo wa mtoto wa aina hii hudunda kwa kasi huku uso ukiwa mtulivu. Baadaye Mary Main na Judith Solomon waliongeza kundi la nne: watoto wanaomwendea mama kisha wakaganda njiani, kana kwamba wanamhitaji na kumwogopa kwa wakati mmoja.

Dhana: Haya ni mambo ya Wazungu.

Ukweli: Yalianzia Uganda. Mwaka 1954 Ainsworth alianza kuzitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama watoto wakiwa kwao, wakinyonya, wakilia na kupokelewa.

Dhana: Mtoto hushikamana na mama tu.

Ukweli: Kwa Wagusii wa Kenya, enzi za utafiti huu, mtoto aliachiwa ndugu yake mkubwa, mara nyingi dada, amlee mchana. Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman, katika utafiti uliochapishwa 1986, waliwatazama watoto hao wakiwa na mama, na pia wakiwa na mlezi huyo mdogo. Kule mtoto huzoea kusalimiwa kwa mkono, basi watafiti wakautazama mkono: aliye salama aliunyoosha kwa hamu, asiye salama aligeuka au akajivuta nyuma. Wengi walikuwa salama kwa mama, na wengi vilevile kwa mlezi wao mdogo. Kila uhusiano hupimwa peke yake, kwa hiyo mtoto yule yule anaweza kuwa salama kwa mmoja na asiwe salama kwa mwingine.